Niliyafuta Marudio ya Mama Kulwa

Kosa nalikiri, radhi siombi. Mimi ni mhariri wa tasnifu hapa Ngokolo. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na kwa woga wa kukosea.

Mama Kulwa, mwanafunzi wa uzamili, aliniletea tasnifu kuhusu wanawake wa machimboni Geita. Kila sura ilikuwa na neno "marudio". Sikulielewa, nikaona aibu kuuliza. Mwishoni nikalikuta tena, limewekwa kuwa kichwa cha orodha ya vitabu. Kumbe alimaanisha marejeo! Nikaiamuru kompyuta ilibadilishe kila lilipo, nikamkabidhi nakala tukiwa njiani kwenda Geita. Alitaka wanawake wale waisikie kwanza. Wakiikataa, chuoni haipeleki.

Tulipofika, nilikaa mbele ya wanawake wale kama mgeni rasmi. Mama Kulwa akasoma: "Wanawake hununua marejeo, huyaosha upya, wakapata dhahabu iliyobaki."

Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, hayo marejeo yanachimbwa wapi? Sisi tunaosha marudio, mchanga ambao wenzetu wameshauosha."

"Aliyeandika hivyo amewahi kushika karai kweli?" mwingine akadakia, na kicheko kikazagaa.

Mama Kulwa akafungua ukurasa mwingine, kisha mwingine, akanigeukia. "Mhariri, hebu simama wakuone."

Nikasimama. "Shikamooni mama zangu. Aliyebadilisha ni mimi. Nimekosea neno moja tu, na mkague kitabu chote: sikuruka hata ukurasa mmoja."