Mume wangu alimtia jirani yetu kwenye sinema, watu wakamuua

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka ishirini na minne, naishi Ujiji. Mdogo ana miezi mitano na bado halali vizuri, kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya maneno. Kazi yangu ni kuanika dagaa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Mume wangu ana banda la video nyuma ya nyumba yetu. Anaonyesha tamthilia za nje huku akitafsiri kwa kipaza sauti, na wahusika huwapa majina ya watu wa mtaani. Ndicho kinachojaza banda lake.

Kuna kipindi dagaa wangu walikuwa wanapungua. Nikienda nyumbani kunyonyesha nikirudi nakuta pengo kwenye mchanga. Siku moja nilirudi mapema nikamkuta jirani yetu, nimwite Saidi, mbeba mizigo, anawamimina dagaa wangu kwenye gunia langu. Akaniambia, "Shemeji, lile wingu silipendi, nimekukusanyia." Kweli kwetu mvua ikitisha, aliye karibu humkusanyia asiyekuwepo. Lakini mvua haikunyesha, na mimi nilikuwa nimechoka. Sikumwamini. Mchana nilimweleza mume wangu wakati anakula. Akacheka, akasema huyo atampatia kazi kwenye video.

Kesho yake alasiri akaweka ile tamthilia ya mtu anayewaua wahalifu walioachiwa na mahakama. Spika iko nje, nilisikia kila kitu nikiwa jikoni. Yule muuaji amemfunga mtu mezani, anamsomea makosa yake kabla ya kumchinja. Mume wangu akatafsiri, "Saidi, mwizi wa dagaa wa mwanamke mwenye kichanga. Mahakama imekuacha, mimi sikuachi." Banda zima lilipiga miluzi. Na mimi nilicheka, huku mtoto ananyonya.

Tangu hapo kila Saidi akipita vijana wanamwambia meza yako iko tayari. Yeye akawa anajibu utani, kwamba waandae na ndimu. Siku ya tatu mtu mmoja hakutania, alimwita mwizi. Wakamvamia kwa makasia palepale mwaloni. Nilipofika walikuwa wamemlaza juu ya chanja ya kuanikia, wamemfunga kwa kamba za nyavu, wanamwambia ataje makosa yake kama yule wa kwenye video. Wengine walikuwa wanarekodi na simu. Mmoja akanigeukia, "Mama, huyu dagaa wako alichukua, hakuchukua?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Saidi alikuwa ananiangalia. Nikajibu, "Nilimkuta na gunia langu."

Alikufa kwenye bajaji kabla hajafikishwa hospitali.

Wiki iliyofuata dagaa wakaendelea kupungua. Nikaacha kwenda nyumbani, nikakaa na mtoto chini ya mwamvuli kuvizia. Waliokuja walikuwa bata. Bata wetu wenyewe, wa mume wangu, wanakula mpaka wanayumba. Nilipomwambia alicheka kwanza, halafu akaniambia ninyamaze, bata hawaitwi kituoni, wanaoitwa ni watu. Akasema nikifungua mdomo narudi kwetu Kidahwe na kichanga tu, mkubwa anabaki kwake. Na ile sehemu ameshaionyesha tena mara mbili. Siku hizi wateja wanaiomba kwa jina, "Tuwekee ile ya Saidi." Nyumba ya mama yake Saidi iko hatua chache kutoka kwenye spika.

Huyo mama ndiye aliyenikanda na kumwogesha mtoto wangu siku zote arobaini za uzazi, kwa sababu mama yangu mzazi hayupo duniani. Juzi alikuja. Nilimwamkia, akamchukua mtoto akampakata kama kawaida yake. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye uliyemkuta. Niambie tu, alichukua? Kama alichukua, nitawasamehe wote, nipumzike." Nikasingizia mtoto ana homa. Akaniambia basi atarudi Ijumaa baada ya swala.

Ndugu zangu, mtakaoniambia ninyamaze kwa ajili ya watoto, msijisumbue. Mume wangu nimemwambia jana, mbele ya uji wake, kwamba kusema nitasema, kwa mama huyu kwanza, kisha kituoni, na mtoto wangu mkubwa nitamdai kokote. Aliinuka akaenda bandani, na spika naisikia inajaribiwa sasa hivi ninapoandika.

Ninachowaomba ni kingine. Ijumaa ni kesho. Mama aliyekulelea mtoto amekaa mbele yako, anataka asikie kwako kwamba mwanawe alikuwa mwizi ili apate kusamehe, na wewe unajua hakuiba, na unajua ulisema nini alipokuwa anakuangalia. Wenye kujua kuzungumza na watu wazima, nielekezeni. Nianze na neno gani?