Mama wa Chini na Karatasi ya Bwana Yangu

Bwana yangu alikufa na homa kule Shabunda, wakati wa vita, na habari ilitufikia nyuma ya wiki tatu, kinywani mwa mutu aliyeshuka na ndege ndogo. Barabara ilikuwa imefungwa. Wenye bunduki walikaa ndani yake kama ni sebule yao. Mwili ulizikwa kulekule. Basi familia ikakata shauri: tutafanya misa bila sanduku, na pahali pa sanduku tutasoma karatasi ya maisha yake.

Kwetu Bukavu hiyo karatasi haikosi. Mbele ya baraka ya mwisho mutu anasimama na kusoma: marehemu alizaliwa wapi, alioa nani, aliacha watoto wangapi. Na wote wanaosomwa ni watu wema. Nimeenda kwenye vilio vingi, sijasikia bado karatasi ya mulevi.

Mukubwa wa bwana yangu, mutu wa ofisi aliyekaa Bagira, alikuwa amekwisha kuandika yake, kwa Kifaransa, kurasa mbili za mashine. Akanitafsiria. Nikasikia habari ya mwanaume mupole sana, aliyefuata mashauri ya kaka yake toka utoto.

"Shemeji," nikamuuliza, "huyu ni nani?"

Hakupenda. Nikamuambia karatasi nitaandika mimi.

"Wewe? Ulifika mwaka wa ine ya primeri."

"Na ndugu yako alifika wa tatu. Tutasikilizana."

Akanipa mupaka Ijumaa, kwa sababu misa ilikuwa Jumamosi. Kama Ijumaa karatasi yangu haiko tayari, anasoma yake. Mimi sikuwa na haja ya kusifiwa kanisani. Lakini watoto wangu wawili wa mwisho walikuwa wameanza kusahau sura ya baba yao, na kile watakachosikia siku ile ndicho watakaa nacho. Sikutaka wabaki na yule mupole wa Bagira.

Nikachukua kaye, daftari la shule la watoto, nikaandika. Jumanne nilikuwa nimefika pahali anapotoka kwenda Shabunda, na pale nikakwama. Niliandika: "Mungu akamuita Shabunda kutafuta maisha." Nikafuta. Nikaandika tena ileile. Nikajua karatasi ina ubaya, lakini sikujua uko wapi, kama vile unasikia harufu ndani ya nyumba na huoni panya.

Mimi nilikuwa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Nikuambie kitu: muteja anayesema "ziko nzuri, mama" akisimama mbali, huyo hanunui. Muteja wa kweli anachukua moja, anavunja kichwa, ananusa. Nikatafuta mutu wa kunusa karatasi yangu.

Nikaanza na wamama wa shirika letu la kanisa. Nikasoma mustari wa kwanza, wakatikisa vichwa. Nikasoma wa pili, mumoja akaanza kulia. Kwa wa tatu walikuwa wote wanalia, wakaimba, wakasali, wakakunywa chai yangu, wakaenda. Nikahesabu mistari waliyosikia: mitatu. Nilikuwa nimeandika arobaini.

Nikaenda kwa mwalimu mumoja wa mutaa wetu wa Cimpunda. Yeye alisoma yote, na kalamu ya bic nyekundu mukononi, na mukono ule haukushuka hata mara moja. "Muzuri, mama. Usiguse kitu." Nikamuangalia machoni. Akaangalia mulango. Nikafahamu: kwetu, kumukosoa mujane ni kama kutemea mate kaburi. Kila mutu nitakayemupelekea atasema muzuri, na Jumamosi nitasimama na karatasi yenye kunuka.

Sasa lazima nieleze kidogo namna tulivyokaa. Cimpunda nyumba zinapandana mulimani kama watu wanaogombania kuona kitu. Kiwanja changu kilikuwa sawasawa na bati ya jirani wa chini. Mvua ikinyesha, maji ya bati yangu yanaangukia yake, na kwa ajili ya maji hayo mimi na yeye hatukuwa tunasalimiana, mwaka wa tano. Mimi nilimuita mama wa chini, yeye aliniita mama wa juu, na hayo tulisema kwa watu wengine. Nyumba yake ilichimbwa ndani ya mulima, hata risasi haingefika. Kwa hiyo siku za masasi tulikimbilia kwake, mimi, bwana yangu na watoto wote. Anafungua, tunaingia, tunakaa chini, mimi na yeye hatuambiani neno. Masasi yakiisha, tunapanda kwetu. Hata asante hapana.

Alhamisi kisha ya chakula cha mchana nikakaa kiwanjani, nikajisomea kwa sauti kubwa. Nilisahau bati ile. Au tuseme uchungu ulinisahaulisha.

"Miaka yote kumi na tisa," nikasoma, "hakunipandishia sauti hata siku moja."

"Uongo," bati ikasema.

Nikafikiri labda ni mawazo. Nikasoma tena.

"Uongo," sauti ikarudi toka chini. "Na ile siku uliunguza sufuria, hakupiga kelele mupaka bati yangu ikatetemeka?"

Mama wa chini hakupanda. Alisimama mulangoni mwake, mikono kiunoni, akiinua macho kuniangalia. Mwaka wa tano, na neno la kwanza ni uongo.

"Ulikuwa unasikia?" nikamuuliza.

"Mama wa juu, ninyi mulikuwa radio yangu. Sina ingine."

Nikamuambia apande. Akasema miguu inauma, nishuke mimi. Nikashuka na kaye. Hakunipa pole, hakunipa chai. Alinipa kiti na akasema: "Soma."

Nikasoma. Kwa kila mistari miwili alinikata. Niliandika alikuwa musali sana, yeye akasema misa yote alilala mukono shavuni, na padri alimujua kwa kukoroma. Niliandika alipenda kazi, akasema alipenda kueleza kazi. Niliandika hakuwa na maneno mengi. Pale alicheka mupaka akashika ukuta. Nilikasirika, sikatai. Lakini alivyokuwa anatoboa, bwana yangu alikuwa anaingia. Nikasikia kabisa namna alivyokuwa anavua viatu. Nikafuta, nikaandika, nikafuta.

Kisha nikafika pale.

"Mungu akamuita Shabunda kutafuta maisha."

Safari hii hakusema uongo. Aliondoa kwanza kijiti kwenye nguo yake.

"Mungu hakusema kitu siku ile. Ni wewe ulisema. Ulimuambia mwanaume hawezi kukaa kwenye kiti kama kitambaa cha meza, wenzake wako wanachimba zahabu."

Hakuna mutu aliyekuwa anajua maneno yale. Nilikuwa nimeyaficha hata kwa padri. Nikafunga kaye, nikainuka.

"Kaa," akasema. "Hujasikia yangu. Asubuhi alipita hapa na kifurushi. Nikamuuliza, papa, unaenda wapi? Akasema, 'Ninaenda kupumzika, mama. Wanasema Shabunda kuna simba, kuna nyoka, lakini mama wa watoto hayuko.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na alicheka mupaka akaweka kifurushi chini. Kisha akasema kwamba una haki. Kwamba wewe hukosei, ubaya ni unajua kwamba hukosei."

Nilikaa. Nikalia, na kucheka kukaingia katikati, sikujua nifute pua au macho. Mama wa chini akangoja, akasema: "Sasa andika. Na yote, hata kitambaa cha meza."

Ijumaa shemeji akasoma, amesimama. Uso wake ulikuwa wa ofisi kabisa.

"Hii haiwezi kusomwa kanisani. Watu wacheke kwenye kilio?"

"Endelea, shemeji."

Akaendelea. Kwenye simba na nyoka akageuka kuangalia dirisha, mabega yakatikisika, na alipogeuka tena alikuwa ametoa kitambaa mufukoni. "Ni yeye," akasema. "Ni huyo mupumbavu wetu kabisa." Karatasi yake akaikunja mara ine.

Jumamosi kanisa lilijaa. Nikasimama. Nikasoma kukoroma kwake, padri mwenyewe akainamisha kichwa. Nikasoma sufuria. Wamama wa shirika, waliokuwa wamekwisha kufungua vitambaa kwa kulia, wakavitumia kufunga kinywa. Binti yangu wa mwisho alikuwa amekaa mbele, mudomo wazi.

Nikafika kwenye mustari wa kitambaa cha meza. Nikaona watu wote wale, na wakwe zangu, na watoto. Jicho langu likauruka lenyewe. Nikasoma: "Asubuhi alipita na kifurushi."

Mama wa chini alikuwa kwenye benchi ya ine. Hakusema kitu, tulikuwa kanisani. Alikohoa tu, kikohozi kikavu, cha mutu asiyeumwa. Watu wakageuka. Akaniangalia, akakohoa tena.

Nikapandisha kidole kwenye karatasi, mustari mumoja.

"Ni mimi nilimuambia aende," nikasoma.