Sungura wa Mama Karai

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mpishi wa shule ya bweni. Kwa miaka kumi na minane amewapikia wanafunzi mia sita kila siku, akikoroga maharage kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nyumbani, baba yetu alionja chakula chake mara moja tu, mwaka ule alioolewa, akasukuma sahani. "Mwanangu, hapa tuko watano. Hiki ni chakula cha bweni." Tangu hapo akaitwa Mama Karai, na kila Jumapili, siku tunayokula na baba, jikoni naingia mimi. Yeye huosha vyombo. Hajawahi kulalamika, lakini nauona uso wake baba anaponisifu.

Jumapili iliyopita jirani yetu, fundi umeme anayefuga sungura, alimletea baba zawadi ya sungura wawili, wameshachunwa na kukatwa vipande. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kula nyama hiyo. Nilifunua bakuli, nikalifunika upesi.

"Mimi siwagusi. Wamekaa kama paka."

"Baba amefurahi mno," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Miezi miwili hajala nyama tangu ang'olewe meno. Sasa nani atapika?"

"Nitapika mimi," wifi akasema.

Nikamvuta pembeni. "Wifi, ukiharibu leo, jiko hili hutaligusa tena."

"Na nisipoharibu?"

Nikampa mwiko.

Saa nne na dakika ishirini alibandika sufuria. Alikaanga vipande hadi vikageuka kahawia, akatia vitunguu, nyanya, tangawizi na maji. Nikamwambia aongeze makaa, maana kuku ndivyo nimpikavyo.

"Huyu si kuku. Angalia, hana mafuta. Moto mkali utamkausha awe soli ya kiatu. Huyu nampika kama maharage makavu: moto mdogo, mfuniko mzito, na mtu asifunuefunue."

Akapunguza makaa. Kisha, huku akiendelea kunielekeza, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, ukachota konzi nzima na kuimwaga sufuriani. Konzi ya shuleni. Tukatazamana. Akaonja, akafumba macho.

"Bahari?" nikauliza.

"Bahari na nusu."

Kaka akachungulia mlangoni. "Kuna nini humo?"

"Kuna mlango wa kufunga," wifi akamjibu.

Nilinyoosha mkono niupokee mwiko. Hakunipa. Alimwaga karibu mchuzi wote, akatia maji mapya, viazi, karoti na nyanya nyingine tatu, vyote bila chumvi. Akafunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko, akavuta kigoda na kukaa mbele ya jiko kama askari wa lindo. Kwa saa mbili hakufunua hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda na kurudi.

Saa saba kasorobo akaliondoa jiwe. Viazi vilikuwa vimevurugika na kuufanya mchuzi mzito, na nyama ilikuwa inaachana na mfupa yenyewe. Nilionja nikitafuta kosa. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nikaonja tena, safari hii kwa uroho tu.

Mezani wifi hakuja. Alibaki jikoni akisingizia kusugua sufuria. Baba alichagua kipande kidogo kuliko vyote, akakiweka upande wa kulia, ambako meno manne yamebaki. Kaka na mimi tukaacha kutafuna. Baba hakutafuna pia. Alikibana tu kwa ulimi, akameza, akachukua kikubwa. Alipomaliza alinisogezea bakuli nimwongeze.

"Nani kapika?"

"Mama Karai," kaka akasema.

"Sikukuuliza jina la utani. Niitie mkwe wangu."

Wifi akaja akijifuta mikono. Baba akamsogezea kiti kilicho karibu naye.

"Miaka yote hii ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Hapo nyuma ya ukuta, baba."

Kaka akapaliwa na mchuzi. Baba akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana.

"Haya. Na bata, unamwezea?"

"Mlete tu, baba," wifi akasema, akajipakulia bakuli lililojaa pomoni.