Chatu Niliyetafuna Naye Kahawa

Ukinicheka, cheka tu. Hata mimi ningekucheka. Lakini haya yalinipata mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu, na sijaongeza chumvi hata kidogo.

Marehemu mume wangu alitamani kufuga chatu hapa kwetu, karibu na Rubya. Alishapata kibali, akajenga banda la matofali nyuma ya migomba, kisha ugonjwa ukamchukua kabla hajanunua hata nyoka mmoja. Wanangu wakasema, mama, tulivunje, utakuja kumezwa. Nikawaomba msimu mmoja tu: yasipoanguliwa mayai, wavunje. Nyoka nawaogopa kuliko radi, niamini! Lakini banda lile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake, na bado nampenda.

Basi nikaenda Kanazi kwa Ta Mujuni, mfugaji mwenye kibali. Nilikuta mlango wazi, mwenyewe yuko shambani. Ndani, juu ya nyasi zilizotandikwa, alikaa bibi mmoja mwenye kovu chini ya jicho la kushoto. Akanikaribisha kwa upole. Akapasua tunda la kahawa ya kutafuna, punje moja akala yeye, ya pili akanipa.

Wewe ungekataa? Kwetu kahawa ya mgeni haikataliwi. Kosa langu ni kutafuna kabla ya kumwuliza yeye ni nani. Zamani waliogawana punje za tunda moja walikuwa ndugu, hawaachani, na hilo nalijua tangu utoto.

"Mwana wange, mbona unatetemeka?" akasema. "Chagua aliyejaa mwili, anayetoa ulimi kila mara. Mwenye mbavu za kuhesabika mwache. Dume utamjua kwa vikucha virefu karibu na mkia."

"Asante, Ma. Unaishi hapa?"

"Naishi. Ila nimechoka kukaa peke yangu, waitu, ndugu yangu."

Mara Ta Mujuni akarudi toka shambani, akaniita kutoka uani. Nilichagua kama nilivyofundishwa, dume mmoja na jike kijana, wote wamenona. Nikamsifia bibi yake. Akaliweka chini gunia la nyoka.

"Bibi gani, Ma? Hapa naishi mwenyewe."

Tukarudi ndani. Hapakuwa na mtu. Lakini ganda la ile kahawa lilikuwa pale pale kwenye nyasi.

Tulipotoka nikapita kizimba cha mwisho. Jike mkubwa akainua kichwa akanitazama. Chini ya jicho la kushoto, kovu.

"Huyo achana naye," alisema Ta Mujuni. "Kazeeka, hatagi tena. Wa kazi gani kwako?"

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini ladha ya kahawa ilikuwa bado mdomoni, na nilimwonea huruma mno. Nikasema, "Naye namchukua."

Nyumbani wanangu walishika vichwa. Mama amenunua kikongwe! Msimu ulipofika yule jike kijana akataga, kisha akayaacha mayai, akajikunja pembeni kama si yake. Nililia mbele ya banda. Wanangu, kwa aibu, wakaniuliza tuanze kuvunja lini.

Kesho yake asubuhi tukamkuta kikongwe amejizungusha juu ya mayai yale. Kufuli la kizimba chake lilikuwa limefungwa, ufunguo ninao mimi shingoni, pamoja na rozari. Alipitia wapi? Sijui mpaka leo. Aliatamia bila kuonja chakula, akakonda, hadi vitoto vikatoka. Mwanangu mkubwa ndiye aliyemletea maji.

Banda lipo, na hakuna anayetaja kulivunja. Kila jioni napasua tunda moja la kahawa, punje moja natafuna, nyingine naiweka mlangoni pake. Asubuhi siikuti.

Nawe ukienda kuchagua nyoka, tazama ulimi, mbavu na vikucha. Lakini ukikaribishwa kahawa na usiyemjua, uliza kwanza ni nani, maana ukishatafuna, huyo ni wako hadi mmoja wenu afe. Mimi sikuuliza, na namshukuru Mungu kwamba sikuuliza.