Mume wangu anangoja niote ndipo tukimbie

Admin, jina langu lifukie huko huko nilikokuandikia, maana mtaa wetu wa Nyamianda ni mdogo na watu wa chumba chetu cha maombi, kikundi tunachosali pamoja, wanausoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma Zaburi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Uvira, mashariki mwa Kongo. Nina mume na watoto watatu. Majina nitakayotaja si yao.

Kosa langu lina umri sawa na Neema, mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa na mimba yake vita ile ya nyuma ilipokaribia mji. Asubuhi moja niliwaona wake za wanajeshi, majirani zetu, wakianua nguo zikiwa bado zinachuruzika maji, wakazifunga mabunda na kuondoka bila kuaga. Hakuna mwanamke anayefungasha nguo mbichi bila sababu. Nikamwambia mume wangu tuvuke kwenda Burundi siku hiyo hiyo. Yeye ni fundi cherehani, na wakati ule redio haikutoka sikioni mwake. Redio ilikuwa imesema mji uko salama.

"Ile ni woga ya mimba tu," akasema, akaendelea kushona.

Basi nikadanganya. Nikamwambia nimeota malaika amesimama mlangoni petu anatupa vyombo vyetu nje. Mama yake alimlea akiheshimu sana ndoto ya mwanamke mwenye mimba, kwa hiyo aliacha cherehani palepale. Tukavuka. Siku ya tatu bomu likaangukia nyumba yetu. Tuliporudi tulikuta shimo mahali pa kitanda, na mume wangu akapiga magoti mle shimoni akalia.

Ningemwambia ukweli siku ile, leo nisingewaandikia. Lakini aliniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata, na mimi nikaipenda. Redio akampa jirani. Akashika Biblia. Wanawake wakaanza kuniita Mama Maono, nami nikaitika. Nimeitika miaka yote hii, na sijaota kitu zaidi ya mitihani ya wanafunzi wangu.

Sasa vita imerudi. Katika chumba chetu cha maombi, jambo zito likitufika tunafunga siku tatu, kisha mama muombezi anayetuongoza anafumba macho, anafungua Biblia popote na kuweka kidole. Kidole kilipotua, ndipo Mungu amesema. Jumapili kilitua pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake wakae mjini mpaka wapokee nguvu kutoka juu. Watu wakapiga vigelegele. Ikaamuliwa hakuna familia itakayotoka Uvira.

Marehemu baba yangu alikuwa katekista kule Lubarika. Alitufundisha kwamba kabla hujauliza neno linakuambia nini, uulize kwanza liliambiwa nani. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, pale Yesu alikuwa anaongea na wanafunzi wake, mu Yerusalemu," nikasema. "Na kuna mahali pengine aliwaambia watu wakimbilie milimani. Kidole kingeanguka pale, leo tungekuwa njiani."

Mama muombezi alinitazama kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. "Mwalimu, Biblia haisomwaka na akili ya masomo. Inasomwaka na Roho. Weye mwenyewe, ile ndoto yako uliisoma mu darasa gani?"

Watu wote wakanigeukia. Kujibu kungekuwa kukiri, nikafunga Biblia yangu.

Nyumbani nilimbembeleza mume wangu. Nilimweleza kwamba mpaka bado uko wazi, lakini unafungwa mapema zaidi kila siku. Hakukasirika hata kidogo.

"Mama Neema, minye nilikukatalia siku gani? Mungu akitaka tutoke, ataonyesha weye. Ona tu, tutaenda."

Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, ananiuliza: "Umeona nini?" Kadi zetu za uchaguzi, ambazo bila hizo hatuwezi kuvuka, zimo ndani ya Biblia yake, na Biblia haimtoki mkononi. Neema naye yuko upande wa baba yake. Amekua akisimuliwa jinsi ndoto ilivyomwokoa akiwa tumboni, mimi nitaanzia wapi?

Mtaniambia nidanganye tena, ni neno moja tu. Nimeliweka mdomoni mara nyingi. Lakini safari hii hatutakuwa wawili. Familia tisa za chumba zimesema zitafuata nitakachoona mimi. Na wiki hii kuna watu waliotoka na kurudi, wanasema barabarani pia kunapigwa risasi. Nikisema nimeona tutoke, kisha watoto wa watu wafe njiani, nitakuwa nimewaua kwa jina la Mungu. Nikisema ukweli, mume wangu atajua imani yake yote ilisimama juu ya uongo wa mke wake, na sijui kama atatoka au ataketi tu. Nikinyamaza, tunabaki.

Wakati mwingine najiuliza kama zile nguo mbichi hazikuwa ndizo ufunuo wenyewe. Akili hii nani alinipa? Labda Mungu alisema nami kweli, mimi ndiye nikaona aibu kusema nilivyosikia, nikamtafutia malaika. Nimewaza hivyo mpaka kichwa kinauma.

Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini, nifanye nini? Na tafadhali msichelewe, maana kesho asubuhi ataniuliza tena nimeona nini. Na nilichoona, nimekiona leo jioni nikitoka shuleni: kwa wake za wanajeshi, kamba zote za nguo ziko tupu.