Siku Niliyoshukuru kwa Mvua

Kuna jioni moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Mvua ikianza kugonga bati hapa kwangu Buhare, inanirudia nikiwa peke yangu, nacheka mpaka jirani anauliza kama nina mgeni. Kaa hapo nikusimulie. Na hiyo simu iweke pembeni kidogo, haitaoza.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Mimi mtoto wa Kiabakari, kwetu ni watu wa mtama, mihogo na ng'ombe. Samaki tulikuwaga tunamwona siku ya gulio, tena amekaushwa. Nikaolewa na babu yako Magesa, kijana wa kijiji cha wavuvi huko mwambao wa ziwa. Yeye alikuwa seremala, kazi yake iko Kabasa, Bunda mjini, na chumba alichopanga kilikuwa kimejaa mbao mpaka kitandani. Kwa hiyo akaniacha kwa mama yake mpaka apate chumba cha watu wawili. Alikuwa anakuja Jumamosi, na Jumapili tukitoka kanisani anaondoka.

Nyumba ile tulikuwa wanawake watatu. Mama mkwe wangu, mjane, kila mtu akimwita Mama Magesa. Wifi yangu Nyangeta, rika langu, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Na mimi. Kazi yao ilikuwa dagaa. Alfajiri mitumbwi ikirudi mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, wananunua dagaa mbichi kwa ndoo, wanazianika kwenye mchanga na juu ya mawe. Jua likiwaka vizuri zinakauka, wanazijaza kwenye magunia, zinakwenda kuuzwa sokoni Musoma.

Sitakudanganya, nilichukia kila kitu. Harufu ilikuwa inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Mchanga kwenye nywele, mchanga kwenye mboga. Upepo wa ziwa unakupiga usoni asubuhi hata salamu hujapokea. Nikamwandalia Magesa maneno yake: Jumamosi hii akija, ama anipeleke Bunda tukalale juu ya hizo mbao, ama anirudishe kwa mama yangu. Nguo nilishazikunja, nikazitia kwenye begi, begi nikalisukuma chini ya kitanda.

Sasa nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Jioni tunakaa kwenye mkeka, ugali wa muhogo umeshapakuliwa, mboga ipo, mikono imenawiwa, lakini hakuna anayemega. Mama Magesa anatuzungushia macho, halafu anasema, "Haya, cha leo."

Cha leo maana yake utaje kitu kizuri ulichokiona siku hiyo, umshukuru Mungu kwa hicho, ndipo ule. Na yule mama alikuwa mkali kuliko mwalimu. Ukisema "nashukuru kwa uzima" anakurudisha, anakwambia uzima tunao wote, tunakuona unapumua. Cha jana hataki. Cha kusimuliwa hataki. Uwe umekiona mwenyewe, kwa macho yako, leo. Nyangeta alikuwa anasema vitu kama, "Leo bata wa jirani kapita na vifaranga vyake katikati ya dagaa zetu, wamejikaza, hawakudonoa hata moja." Mama naye, "Leo nimepanda kilima na kisigino changu hakikusema kitu." Wanacheka, ugali unaliwa.

Zamu yangu ikifika nasema, "Sina."

Si kwamba kwetu hatukuwa watu wa shukrani. Tulikuwa tunashukuru sana, ila kwa makubwa: mavuno yameingia, mgonjwa kapona, mtoto kazaliwa salama. Unapeleka sadaka kanisani, watu wanapiga vigelegele. Lakini kushukuru kwa kisigino? Niliona ni mchezo wa watoto.

Mama Magesa hakunigombeza. Alisema tu, "Hapa ukikosa tunakuazima." Akamgeukia binti yake, na Nyangeta akaniazima cha kwake: "Wifi leo kateka maji, kapanda nayo kichwani bila kushika ndoo, wale akina mama wa ziwani wote wakanyamaza kumwangalia." Kesho yake mama mwenyewe akaniazima: "Mkwe leo kaimba jikoni. Alidhani nimelala." Niliona aibu, nikajiuliza hawa watu wananiangalia saa ngapi. Basi siku zikaenda hivyo, nakula ugali kwa shukrani za kuazima.

Jioni moja Mama Magesa alinishika mkono kabla sijainuka. Akaniambia taratibu, wala si kwa ukali, "Mwanangu, kuazimwa si kosa. Ila mwili wako uko hapa na macho yako yako Kiabakari. Hebu yaite yaje, hata kwa muda mfupi tu." Nikajibu "Sawa, mama," nikaenda kulala nikiwa nimekasirika. Kijana akiambiwa kweli lazima anune kwanza, na wewe nakuona unavyofanyaga.

Ikafika Ijumaa. Nikatumwa kulima shamba la mihogo nyuma ya kilima, mahali ambapo ukiwa huko ziwa hulioni. Mchana mawingu yakapanda ghafla, meusi, yakapita juu yangu yakielekea upande wa Butiama, na mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Harufu ya udongo ikapanda, nami nikasimama katikati ya mihogo nimetupa jembe, nimefungua mdomo maji yaingie. Nilimwona mama yangu kama vile yuko mbele yangu, na shamba lake lililolimwa tangu zamani, linangoja tu. Kwetu mvua ya kwanza watu wanaitana majina kutoka nyumba hadi nyumba. Nililia kwa furaha, mwanangu, na nikajisemea, leo ninacho. Leo siazimwi na mtu.

Nilirudi nyumbani mbio, narudiarudia maneno yangu njia nzima yasinipotee.

Nilimkuta Mama Magesa na Nyangeta wameketi karibu na moto, wameloa chapachapa, wako kimya. Nikadhani wamechoka. Nikabadili nguo, nikasonga ugali mimi mwenyewe, nikaupakua, na kabla mama hajasema lolote nikaanza.

"Mama, leo ninacho changu. Namshukuru Mungu kwa mvua. Nimeiona kwa macho yangu, imenyesha vizuri sana, na ninaomba inyeshe tena kesho."

Nyangeta aligeuza shingo polepole akaniangalia. "Inyeshe tena kesho," alisema, na baada ya hapo yakamtoka maneno ya Kijita, lugha ya kwao, mengi, ya haraka, sikushika hata moja.

"Sema kwa Kiswahili," mama yake akamwambia. "Naye asikie."

Ndipo akasema. Dagaa zote zilikuwa zimeanikwa. Zilikuwa nyingi kuliko siku zote, kwa sababu mama alimwahidi kwamba mauzo ya safari ile ndiyo ya cherehani yake. Walikimbia na vikapu, na maturubai, hawakuwahi. "Zimeloa zote, wifi. Kesho zinanuka. Ni chakula cha kuku. Na wewe umekaa hapo unaomba nyingine."

Kwetu, mwanangu, sijawahi kumwona mtu ameikasirikia mvua. Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ya dagaa siku zote zile, naziba pua, na haikunijia kabisa kwamba maji yanayoleta chakula kwa mama yangu yanaharibu chakula kwa mama mkwe wangu. Nikawaza hata Jumamosi sitaifikia, nitaondoka na begi langu usiku huu huu, tena si kwa kutaka mimi. Na kitu cha ajabu, ndipo nilipogundua kwamba sitaki kuondoka.

Mama Magesa alikuwa anaangalia ugali. Akaniuliza, "Mawingu yalikuwa yanaelekea wapi?"

"Upande wa Butiama, mama."

"Na Kiabakari yatafika?"

"Nadhani yamefika."

"Mama yako alikuwa ameshalima?"

"Alishalima. Alikuwa anaingoja tu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi leo kapanda."

Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikajua analia, nikataka kupiga magoti. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Nyangeta, umemsikia? Mkwe wangu kanyamaza muda wote huu, siku anafungua mdomo, anaombea dagaa zangu mvua." Akacheka tena. Alipotulia akasema, "Kakiona mwenyewe, ni cha leo, na ni cha kweli. Kinahesabika. Haya, Nyangeta, na wewe cha leo."

"Sina," Nyangeta akasema, mdomo umevimba.

"Anaazimwa. Nani anamwazima?"

Tulikuwa watatu tu pale, na mama ananiangalia mimi. Nikatafuta haraka. Nikasema, "Asubuhi wifi alivua ndala zake akanivalisha. Alisema kule kilimani kuna miiba, na nyayo zake zimeshazoea. Nimelima hadi mvua inakuja, sijachomwa hata mara moja."

"Hicho ni chako," Nyangeta akanung'unika. "Wewe ndiye uliyevaa."

"Kuvaa ni kwangu. Lakini mwenye roho ya kutoa ni wewe, tena umempa mtu anayekuombea mvua."

Alijitahidi kununa, ila mdomo ukaanza kumsaliti pembeni. "Na ndala zenyewe ziko wapi?"

"Moja iko mlangoni."

"Na nyingine?"

"Imebaki kwenye tope, wifi. Nilikuwa nakimbia kuja kushukuru."

Hapo Nyangeta akaanguka ubavu juu ya mkeka, anacheka na kunipiga na ncha ya kanga. Mama naye akaanza upya. Tulicheka mpaka ugali ukapoa, tukaula hivyohivyo umepoa, na sijawahi kula ugali mtamu kama ule.

Asubuhi tulishuka wote mwaloni kukusanya zile dagaa zilizoloa. Nyangeta alikuwa mbele, mimi na mama nyuma. Bila kuniangalia, mama akaniambia, "Begi lako nililiona tangu juzi." Akaendelea kuzoa. "Jana uliposema ninacho changu, mimi nilishafurahi kabla sijajua ni kitu gani. Dagaa mitumbwi italeta nyingine. Wewe ukiondoka, nitakununua kwenye mwalo gani?"

Nililia, mwanangu, nikiwa nimeinama na dagaa mikononi. Na ile harufu niliyokuwa nailalamikia sikuisikia kabisa.

Magesa akaja mchana, akanikuta nipo mchangani nimekunja mikono ya gauni. Akauliza, "Vipi, mazingira umeyazoea?" Nikamwambia angoje jioni atasikia. Jioni zamu yangu ilipofika nikasema, "Namshukuru Mungu kwamba kwenye chakula hiki mnaacha Kijita chenu, mnaongea Kiswahili kwa ajili yangu. Tangu nimefika mmefanya hivyo, na sikuona mpaka Nyangeta alipokasirika."

Wote wakaangalia chini. Mama Magesa akakohoa kidogo, akasema, "Nyangeta alikasirika jana. Hicho ni cha jana."

"Ni cha jana, mama. Lakini nimekiona leo."

Akafikiri. "Kinahesabika," akasema. "Kuleni."

Hapo ndipo nilipoolewa hasa, harusi ilikuwa sherehe tu. Hata Magesa alipopata chumba cha maana Bunda, nilikaa naye huko mwezi mmoja tu, nikaomba ruhusa ya kurudi ziwani. Nyangeta alipata cherehani yake baadaye, na nguo za kwanza za mama yako ni yeye aliyezishona, tena bure, ingawa alinikumbusha ndala zile kila nilipokwenda kuchukua.

Sasa sikia ninachokutakia. Sikuambii ushukuru tu, hilo unaambiwa kila mahali. Nakuambia utenge muda wake, kila siku, kabla ya kula, na walio karibu nawe, hata kama ni rafiki mmoja mnayepanga naye chumba na mboga ni chukuchuku. Taja cha leo. Kiwe kidogo, kiwe chako, uwe umekiona. Siku utakayokosa usione haya kusema huna, acha wenzako wakuazime, maana mara nyingi wao wameona mema yako ambayo wewe huyaoni. Na mwenzako akikosa usimwache ale na "sina" yake, mtafutie. Ukimtafutia mtu jema lake huwezi tena kumchukia vizuri, nimejaribu nikashindwa.

Na siku moja utamsikia mtu anashukuru kwa kitu kilichokuumiza wewe. Hiyo itakuja, usidhani haitakuja. Usimzibe mdomo. Muulize mvua yake imefika wapi, na nani kapanda. Kisha na yeye mweleze kilicholoa kwako, kwa lugha anayoisikia, mle pamoja.

Mungu akupe macho yanayokaa mahali ulipo. Akupe riziki ya mchana na watu wa kuila nao jioni, wanaojua kucheka hata siku mambo yameharibika. Akupe wa kukuazima ukipungukiwa, na wewe akujaze usikose cha kumwazima mwenzako. Na popote utakapokwenda kuishi, mwanangu, iwe Bunda au mbali kuliko Bunda, akukutanishe na mtu atakayefurahi kukusikia unafungua mdomo, kabla hata hajajua utasema nini.