Mama Alidhani Yuko Makka

Zacharia Kioko ni mtu wa Shimba Hills, Kwale, dereva mjini Riyadh, na kama kuna mtu aliyeitembea njia ya kwenda Makka akaitembea tena, basi ni yeye. Simsifu bure. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Bosi wake, Abu Mishaal, mzee mjane wa mtaa wa Malaz, aliweka nadhiri ya kwenda umra kwa miguu kutoka mlangoni kwake, na njia nzima asimpite mnyama mwenye kiu bila kumpa maji. Aliiweka kwa ajili ya marehemu mkewe, mama aliyelisha paka wa mtaa mzima mpaka majirani wakamchoka.

Basi mzee akatembea. Zacharia aliendesha pikapu yenye tangi la maji, akatangulia, akaegesha, kisha akarudi kwa miguu mpaka alipo mzee, wakaja pamoja hadi kwenye gari. Wakifika, anatangulia tena. Haya, niambie wewe ni nani aliyetembea zaidi, na ni nani atakayepongezwa.

Kurudi huko hakurudi peke yake. Alikuwa na Sulei, mbwa jike wa rangi ya mchanga aliyemwokota kwenye maghala ya Al-Sulay, akiwa na kidonda cha waya shingoni. Mzee hakumtaka.

"Huyu asisogelee mswala wangu wala asiguse chombo changu. Halas, basi."

"Sawa, baba," alijibu Zacharia, na mbwa akapanda gari. Ndiyo tabia yake huyo: husema sawa, kisha akafanya lake.

Njiani kazi haikuwa maji tu. Wasafiri hutupa mifuko ya plastiki na kamba za marobota ya nyasi, ngamia wanazimeza, matumbo yanaziba, wanakufa kifo kibaya. Zacharia aliokota takataka za watu ambao hatawajua maishani, akijaza gunia baada ya gunia, akiwalaani kwa Kikamba ili mzee asielewe. Sulei alikwenda mbele akinusa. Akisimama na kubweka, ujue kuna kiumbe pale: mbweha aliyegongwa, punda aliyeachwa, ndege aliyenasa kwenye wavu.

Lakini roho ya Zacharia haikuwa kwenye magunia. Ilikuwa kwa mama yake.

Nikueleze. Baba yake alikuwa Mkamba, mkristo. Mama yake, Mwanamvua, ni Mdigo, mwislamu ambaye hajawahi kuacha swala hata moja. Walioana koo mbili zikanuna, watoto wakabatizwa, mama akabaki na mswala wake. Maisha yake yote hamu yake ilikuwa moja tu, kuiona Alkaaba. Pesa ikipatikana, inaliwa na karo. Miguu nayo ikaja ikavimba, akawa mtu wa kukaa barazani. Mwanawe alipopata kazi Saudia, bibi wa watu alilia kwa furaha, maana kwake Saudia ni Makka na Makka ni Saudia. Hakuna aliyemwambia kwamba asiye mwislamu haingii mji ule. Zacharia naye alijaribu mara moja, akaishia kumuuliza habari za miguu. Angemwambiaje? Miaka tisa ikapita hivyo.

Sasa mama aliposikia kuna safari ya miguu, alipiga simu karibu kila siku kupitia dadake Zacharia, Asumpta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi?"

"Bado, mama. Tuko jangwani."

"Ukisimama pale mbele ya Alkaaba unitaje kwa jina langu. Mimi ndiyo basi tena, miguu haitanifikisha. Wewe ndiye miguu yangu."

Hebu mtu ajibu nini hapo? Zacharia alisema "sawa, mama," na safari hii hakuwa na lake la kufanya. Alitamani angekuwa na hata siku moja ya kumpa, asimame mahali pale na kulitaja lile jina. Alitamani pia kukaa naye barazani tu, amsikie akigombana na kuku.

Walipovuka mji wa Dhalim wakakuta mtoto wa ngamia kamba imemkaza mdomoni, hanyonyi, na mama yake kasimama juu yake kama askari. Kila Zacharia akisogea, yule mama anakuja na meno. Sulei ndiye aliyemzunguka kwa nyuma, akabweka, akakimbia, ngamia akamfukuza, na Zacharia akapata nafasi ya kukata kamba. Mtoto alinyonya palepale. Mzee alikaa chini mchangani akatazama. Kisha akainuka, akachukua bakuli, akamtilia Sulei maji kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ile simu ya Kwale ilipokatika, mzee aliuliza. Kiswahili hajui, lakini Makka na Alkaaba aliyasikia.

"Mama yako anataka nini?"

Zacharia akamweleza yote kwa Kiarabu chake cha kuunga. Mzee akasema kwa upole, "Basi silimu, mwanangu. Uingie nami."

Usidhani hakuvutwa. Alivutwa sana.

"Baba, nikitamka kwa ajili ya mlango tu, nitakuwa nimemdanganya Mungu. Na mama yangu hatapenda ombi lake lifike kwa uongo."

"Kweli," alisema mzee.

Walipofika Sailu, kituo cha kunuia umra karibu na Makka, mzee alivaa ihramu, zile shuka mbili nyeupe. Mpwa wake wa Makka alikuja na gari lake, amsindikize mzee akimalizia kwa miguu kipande kilichobaki. Kabla ya kuondoka mzee alimshika Zacharia bega.

"Jina la mama yako na la baba yake."

"Mwanamvua binti Mwinyihaji."

Mzee alilirudia mpaka likamkaa mdomoni, akaenda zake. Zacharia aliendesha hadi pale barabara inapogawanyika, pana kibao kinachowapeleka wasio waislamu upande wa Jedda. Sulei alikuwa kiti cha mbele, kichwa dirishani. Walikata kona wote wawili, na Zacharia alilia wazi, mwanaume mzima, kwa sababu mwendo wote ule umeishia kwenye kona.

Jedda alipewa chumba cha uani kwa jamaa za mzee. Siku ya sita, baada ya alasiri, simu ya video ikaita. Mzee alikuwa amemaliza umra yake, akatoka nje ya mpaka wa Makka, akavaa ihramu upya, akafanya nyingine ya Mwanamvua. Na sasa alikuwa amewaunganisha wote watatu. Alikuwa ameelekeza simu mbele, na pale kwenye kioo kidogo palikuwa na nyumba nyeusi na watu wakiizunguka. Upande wa pili alionekana mama, Asumpta kamshikia simu; Zacharia hakuwa amewasha kamera yake.

Mama aliisogelea simu. Alitazama tu, machozi yakimtiririka. Kisha akaanza kutafuta kati ya wale watu.

"Zacharia yuko wapi? Mbona simuoni?"

"Niko Jedda, mama, na mbwa. Mimi siruhusiwi kuingia. Sijawahi kuingia hata siku moja."

"Miaka yote hii?"

"Yote, mama. Nisamehe."

Mama alimvuta Asumpta mkono, simu ikamkaribia uso.

"Mimi sikukuita nyumbani," alisema, "kwa kuwa nilidhani uko pale. Mtu atamwitaje mwanawe atoke pale? Nikawa nalia kisha najinyamazia. Kumbe hukuwepo." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Alkaaba nimeiona, mwanangu. Sasa wewe ndiye sijakuona."

Mzee, ambaye hakuambulia hata neno, aligeuza simu, uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Mama anasemaje?"

"Anasema nirudi nyumbani, baba."